Masomo ya bure: sheria iko moja, kalasi haziko sawa

Pita asubui, saa moja haijatimia, kwenye njia ya mavumbi inayoingia ndani ya kartie, kule Katuba ao Kisanga. Utakutana na watoto wa primeri katika buluu na nyeupe yao, begi kwenye mugongo. Hiyo haiko kitu kipya. Kitu kipya ni ile kakiti ya mbao mutoto anabeba juu ya kichwa. Mwingine anashika bidon ya manjano ya lita tano, na haiko juu ya maji, ni juu ya kuikalia. Tulimuuliza mumoja, kasichana ka miaka saba hivi, anapeleka wapi kakiti kake. Alituangalia kama vile watu wazima wenyi hawajue kitu. «Ku masomo. Ukifika nyuma ya bengine, benchi zinajaa. Utaikala chini.»

Tulimufuata mpaka kwenye mulango.

Hatutataja jina la masomo yale. Direktere alitufungulia kila kalasi bila kuficha kitu, na hatutaki hiyo imuletee maneno. Katika kalasi ya pili ya primeri tulihesabu benchi 21, zile benchi fupi zinazotengenezwa kwa watoto wawili. Kwenye kila moja watoto wanne, wakati mwingine watano, mwenyi kuwa pembeni anashika mbao na mukono ili asianguke. Wenyi kakiti wanajipanga katika njia iliyo kati ya benchi. Wenye hawana kakiti wanaikala kwenye simenti, mbele kabisa, chini ya tablo, shingo juu. Daftari ya kuitia majina ilikuwa na watoto 118. Kanuni ambayo kila direktere anajua ni watoto 55 kwa kalasi, mwisho.

Mwalimu wao ni mwanamuke wa miaka makumi ine na kitu, amefundisha miaka mingi. Anafundisha akisimama fasi moja tu, kati ya tablo na mulango, sababu fasi ingine ya kukanyaga haiko. «Wale ba nyuma ninabajua kwa sauti, haiko kwa sura,» alituambia, na akacheka kidogo, ile kicheko ya mutu mwenyi kuchoka. Kusahihisha daftari 118? Anasahihisha mistari mitatu kwa siku, na kwa zamu: leo upande wa dirisha, kesho upande wa ukuta. Mutoto wa katikati anangojea siku ya tatu ili ajue kama herufi yake iko sawa.

Siku iliyofuata tulienda kwenye masomo ingine, katikati ya muji, zile za matofali nyekundu ambazo wamisionere walijenga wakati wa Wabelgiji. Kuko ukuta, kuko miti, kuko robine ambayo inatoa maji siku zingine. Kalasi ile ile ya pili ya primeri. Benchi ni za zamani lakini nzito, mbao ya kweli. Watoto wako mingi kuliko zamani, lakini mwalimu anapita kati yao na kalamu nyekundu kwenye mukono, anainama, anasahihisha, anaenda kwa mwingine.

Kati ya masomo ile mbili hakuna hata kilometa kumi. Waziri wao ni mumoja, programu ni moja, karatasi iliyosema ya kama muzazi asilipe tena ni moja. Lakini mambo ambayo karatasi ile ilizaa hayafanane hata kidogo.

Ahadi ya zamani

Tukumbushane kidogo. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 43, inasema kama masomo ya primeri ni ya lazima, na ni ya bure katika masomo ya serikali. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya masomo ilirudilia maneno yale. Kati ya hapo, mwaka wa 2010, serikali ilianza kufuta minervali kwa kalasi za kwanza za primeri. Miji miwili iliachwa inje: Kinshasa na Lubumbashi. Ndiyo, sisi. Kwa wakubwa, muzazi wa muji alionekana kuwa na feza, na walimu wa muji walikuwa wanaishi na feza ile. Kwa hiyo mama wa Kamalondo mwenyi kuuzisha tomate kwenye soko alihesabiwa kuwa tajiri, na ndugu yake wa Kasenga akahesabiwa kuwa maskini.

Ilikuwa mwezi wa tisa 2019, wakati Rais Félix Tshisekedi alikuwa hajamaliza hata mwaka kwenye kiti, njo «gratuité» ilitangazwa kwa inchi yote, na safari hii muji wetu ndani. Tunakumbuka furaha ya siku ile. Tulikuwa na jirani mwenyi watoto watano. Watatu tu ndio walikuwa wanasoma, wale wawili wangine walikuwa wanangojea zamu yao, kama vile watu wanangojea taksi. Mwaka ule wote watano waliingia. Serikali ilikuja kusema kama watoto zaidi ya milioni 4 waliingia ao kurudia masomo katika inchi yote juu ya mupango ule. Hapa kwetu hatukuhitaji hesabu ya serikali. Tuliona wenyewe njia za asubui.

Sasa swali ambalo kila muzazi anatuuliza: kama watoto wameingia, juu ya nini masomo haijakuwa muzuri? Na swali ingine, la kunongoneza: juu ya nini tungali tunalipa?

Ili kujibu, inafaa kwanza kujua feza ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani. Mwanzo wa miaka ya 1990 Leta iliacha karibu kabisa kulipa walimu mushahara wa kweli. Migomo ikafunga masomo. Kanisa na wazazi wakapatana: wazazi watatoa primu ili mwalimu abakie mbele ya tablo. Ilikuwa dawa ya muda mufupi. Ikachukua miaka makumi mbili na zaidi. Na feza ile haikukuwa inabakia katika lupango ya masomo. Ilikuwa inapanda ngazi: kipande kwa mwalimu, kipande kwa direktere, kipande kwa biro ya sous-division, kipande kwa kordinasio ya kanisa, na zingine zikiendelea mpaka juu. Chaki, karatasi za egzameni, rangi ya kupaka ukuta, bawabu, ile nyundo ya kurudishia benchi iliyovunjika, vyote vilitoka mule. Muzazi alikuwa anafikiri analipa mwalimu. Alikuwa analipa nyumba yote ya elimu, kuanzia musumari mpaka kwenye biro kubwa.

Kisha siku moja wakasema: feza ile iishe. Ilikuwa neno muzuri, na sisi tunalitetea mpaka leo. Lakini hakuna mutu aliyepita lupango kwa lupango akiuliza: hapa kwenu, kama tunaondoa feza ya wazazi, ni kitu gani kitaanguka kwanza?

Kila lupango na ajali yake

Katika masomo ya katikati ya muji, kitu cha kwanza kilichoanguka ni mufuko wa mwalimu. Pale wazazi walikuwa wanalipa muzuri, na primu ilikuwa inaweza kupita mushahara wa Leta. Mwalimu wa kijiji, kama ako kwenye lisiti ya Leta, aliona mushahara wake ukipanda kidogo. Yeye «gratuité» ilimufaa. Mwalimu wa muji, kwa mupango ule ule, alirudi nyuma. Tunajua walimu wazuri walioenda kwenye masomo ya kipekee mwaka ule ule, na wazazi wenyi uwezo wakawafuata. Katika lupango zenye primeri na segonderi pamoja, minervali ya segonderi ilipanda, sababu primeri haikukuwa tena na kitu cha kuchangia. Muzazi mwenyi watoto katika pande zote mbili alilipa kwa mulango wa nyuma feza ambayo aliachiliwa kwa mulango wa mbele.

Lakini ukuta ulibakia. Miti ilibakia. Benchi nzito za wamisionere zilibakia.

Ukuta ule una historia. Masomo ya Lubumbashi haikujengwa na mukono mumoja. Wasalesiani walifika mwaka wa 1911, mwaka mumoja tu nyuma ya kuzaliwa kwa muji. Wabenedikto walijenga zao. Union Minière ilijenga masomo kwa watoto wa wafanyakazi katika makambi yake, na kisha Gécamines ikairisi. Shirika la reli pia lilikuwa na zake. Mwaka wa 1974 Leta ilichukua masomo yote ya makanisa, na kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ikayarudisha mikononi mwa makanisa, Leta ikibakia mwenyi kulipa walimu. Kwa hiyo lupango moja ilijengwa na kampuni tajiri, ingine na misioni, ingine na Leta katika siku zake nzuri. Na zile za komini Annexe na za kartie mupya? Hizo mara mingi zilijengwa na wazazi wenyewe, ao na pasta, na matofali ya udongo wa kichuguu. Watu wa kwetu wanajua: bomoa kichuguu kikubwa, choma matofali, utapata kalasi tatu. Malata inanunuliwa kidogo kidogo. Simenti inangojea.

Pale njo sheria ya masomo ya bure ilifikia watoto mingi zaidi, na pale njo ilikuta vitu kidogo zaidi vya kuipokea.

Katika masomo ya namna ile, kitu cha kwanza kilichoanguka kilikuwa chakula cha mwalimu, kabisa kabisa. Kuko walimu ambao hawako kwenye lisiti ya Leta. Wanawaita NP, wasiolipwa, ao N.U. kwa wale wa mupya wanaongoja kuingia. Mbele ya 2019 walikuwa wanaishi na primu ya wazazi, kidogo lakini kila mwezi. Sheria ikasema wazazi wasilipe. Leta ikasema tutawaandika. Ule ambaye jina lake lilichelewa alibakia bila hiki wala kile. Anaingia kalasi asubui, mangaribi anauzisha makala ao unite za telefone. Mutu atamulaumu? Sisi hatuwezi.

Na wakati mwalimu analipwa, kulipwa kwenyewe ni safari. Siku ya mushahara ni siku ya kupanga mustari mbele ya benki. Kalasi ya watoto mia na kitu inabakia na mutoto mukubwa mumoja mwenyi kushika fimbo, anaandika kwenye tablo majina ya wenyi kufanya makelele.

Tuseme pia juu ya mvua, sababu wakubwa wanaoandika mipango wanaonekana kuwa watu wasiojua kelele ya mvua juu ya malata bila plafo. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, katika kalasi ile ya 118, mvua ikianza somo linakufa. Mwalimu hapandishe hata sauti. Anaandika kwenye tablo, watoto wanakopi. Wa kalasi ya kwanza hawajue kukopi. Wanaangalia. Kwenye simenti maji inaingia chini ya mulango, wenyi kuikala chini wanasimama, na wakisimama mbele ya tablo wa nyuma hawaone tena. Mutu anaweza kucheka. Lakini hesabu: ni saa ngapi za masomo zinapotea kwa mwaka katika kalasi ya namna ile, na ni ngapi zinapotea katika kalasi yenye plafo na benchi za kutosha? Programu ya taifa haina kurasa mbili, moja ya kalasi kavu na moja ya kalasi yenye maji.

Juu ya kukosa fasi, masomo mingi inafanya zamu mbili, asubui na mangaribi, katika kalasi zile zile. Ni akili nzuri, bila hiyo nusu ya watoto wangebakia inje. Lakini zamu ya mangaribi inaanza watoto wakiwa wamechoka na jua, wengine hawajakula bukari, na inamalizika mapema sababu SNEL haiko ao waya haikufika kamwe. Mutoto wa zamu ya pili anasoma saa chache kuliko wa zamu ya kwanza. Kwenye karatasi ya Kinshasa wote wawili wanahesabiwa kama mutoto mumoja mumoja aliye ndani ya masomo.

Juu ya choo tunapita haraka, si kwamba ni jambo dogo. Choo mbili kwa watoto mia mingi, bila maji. Wasichana wa kalasi ya tano na ya sita wanakosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na kila mwalimu mwanamuke anajua sababu. Hakuna pahali sheria ya 2019 ilizungumuzia ufunguo wa choo.

Vitabu vya Kiswahili

Kuko mupango mwingine ambao ulikutana na ukuta ule ule, na huu unatugusa sisi wenyi kuandika ukurasa huu. Sheria ya 2014 inakubali kama watoto wadogo waanze kusoma katika luga ya taifa ya kwao, mbele ya kuingia muzuri katika Kifaransa. Kwetu ni Kiswahili. Vitabu vilitengenezwa, vingine vilifika mpaka hapa. Ni jambo tuliokuwa tunalomba tangu zamani.

Lakini kitabu kinasema «watoto» na mutoto wa Katuba kwao wanasema «batoto». Kitabu kinasema «ndiyo», nyumbani ni «njo vile». Kitabu kinasema «ninaomba», mama anasema «nalomba». Mutoto anasoma Kiswahili kama vile anasoma luga ya jirani. Haiko shida kubwa. Mwalimu mwenyi muda anaweka daraja kati ya zile mbili kwa wiki chache, na mutoto anavuka. Tuliona mwalimu akifanya vile, katikati ya muji, akiwa na vitabu vya kutosha, mutoto na mwenzake kwenye kitabu kimoja. Katika kalasi ya 118 vitabu vilikuwa kumi na kitu, vimefungiwa kwenye kabati ya direktere ili visipasuke. Mwalimu anaandika sentensi kwenye tablo, watoto wanarudilia wote pamoja, kwa wimbo. Watoto wanajua wimbo. Kusoma ni kitu kingine.

Kwa hiyo mutu akija kuuliza kama luga ya taifa katika masomo ilifaulu ao ilishindwa Lubumbashi, tutamuuliza: katika kalasi gani?

Nani atajenga?

Jirani zetu walipita katika njia hii mbele yetu. Uganda ilifungua milango ya primeri mwaka wa 1997, Kenya mwaka wa 2003, na kote kalasi zilijaa mpaka inje. Tanzania ilifuta ada mpaka kidato cha ine kuanzia mwezi wa kwanza 2016, na miezi michache tu ikaonekana kama watoto wanaikala chini. Kitu tunachopenda kule ni hiki: waliona dawati. Rais Magufuli alipatia wakubwa wa mikoa na wilaya tarehe ya mwisho ya kumaliza upungufu wa madawati, na Bunge lao likatoa shilingi bilioni 6 za akiba yake ili zitengenezwe. Si kwamba mambo yote ilikuwa sawa. Kwenye fasi zingine madawati ilifika na kukosa kalasi ya kuingia, ikabakia inje chini ya jua. Lakini mukubwa wa mukoa alikuwa anaulizwa hesabu ya mbao. Hapa kwetu tumesikia hesabu za watoto, hesabu za walimu, hesabu za mamilioni ya dola. Benki ya Dunia, mwaka wa 2020, ilikubali dola milioni 800 kwa elimu ya inchi yetu. Hesabu ya benchi za Lubumbashi hatujaisikia kwenye redio hata siku moja.

Serikali ilianzisha mupango wa kujenga masomo na senta za afya katika teritware 145. Ni kazi nzuri kwa Pweto, kwa Mitwaba, kwa Sakania. Lakini Lubumbashi haiko teritware. Ni muji. Kwa mara ya pili, kama katika 2010, jina letu linatuweka inje: tuko muji, kwa hiyo tuko na uwezo. Mwenyi kusema vile aje alale usiku mumoja Kasungami.

Watu wengine wanasema: madini. Na ni kweli, sheria ya madini ya 2018 inagawanya ile feza makampuni yanalipa Leta juu ya shaba na kobalti: asilimia 25 inaenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini ao sekta ambamo madini inatoka. Muzuri. Ruashi iko na kariere. Lakini Kenya na Kamalondo hakuna hata shimo la kuchimbia. Watoto wa Kenya wataikala kwenye shaba gani? Kama jimbo halipeleke sehemu yake pahali komini ni maskini, sheria ile itaongeza tu tofauti kati ya lupango na lupango, na itafanya hivyo kwa haki kabisa, na stampi juu yake.

Kabla feza ile haijafika, benchi zinatoka wapi? Zinatoka kwa wazazi, na hapa njo mambo inakuwa ngumu kwetu kusema. Mwaka mumoja mutoto wetu alirudi nyumbani na karatasi ndogo, haina stampi: kila muzazi alete mbao moja ao bei yake. Kwa sheria, direktere yule alikuwa anafanya kosa. Tulilipa. Tulilipa bila kukasirika, sababu tulikuwa tumeona ile simenti. Mwezi uliofuata karatasi ingine ikakuja, ya «karatasi za egzameni». Mwezi wa tatu, ya «bawabu». Wa ine hatukujua tena ni ya nini. Pale njo tulielewa namna primu ya zamani ilizaliwa, na namna inaweza kuzaliwa tena bila mutu mumoja kuamua. Mukutano wa wazazi ulifanyika, watu wakapandisha sauti. Baba mumoja akasema: «Ba direktere, tunawaheshimu, lakini sheria inasema bure.» Direktere akajibu, polepole: «Papa, sheria iko bure. Chaki haiko bure.»

Hatukuwa na jibu siku ile. Sasa tuko na kipande cha jibu. Direktere huyo alikuwa anapaswa kupata feza ya kuendesha masomo kutoka Leta, kila trimestre, na ilikuwa inapaswa kubandikwa kwenye ukuta ili kila muzazi asome: iliingia kiasi gani, ilinunua nini. Kama haikuingia, iandikwe pia kwenye ukuta, na tarehe. Muzazi mwenyi kuona ukuta ule atajua nani wa kukasirikia. Leo anamukasirikia mutu aliye karibu, na mutu aliye karibu ni direktere, mara mingi asiye na kosa lingine isipokuwa kuwa karibu.

Na tunalomba kitu kidogo zaidi kwa wale wa jimbo: mbele ya kutangaza mupango mwingine wowote, mutumeni inspektere apite masomo yote ya komini saba za Lubumbashi na daftari moja, na mambo sita tu: watoto, benchi, malata, choo, maji, walimu wanaolipwa na wasiolipwa. Inspektere wako, moto wa kupanda pikipiki uko. Kazi ya mwezi mumoja. Kisha musipeleke kitu sawa kwa wote, sababu wote hawaanzie fasi moja. Masomo ya matofali nyekundu inahitaji mushahara wa walimu wake urudi kuwa wa kweli ili wasikimbie. Ile ya matofali ya kichuguu inahitaji kalasi tatu na benchi mia moja, mbele hata ya kitabu kimoja.

Tulirudi kwenye masomo ya kasichana ka kakiti mwezi huu, nyuma ya mvua za kwanza. Kalasi ya pili sasa iko na watoto 104. Tuliuliza wale wengine walienda wapi. Mwalimu alisema wawili walihama na wazazi, wengine walienda kwenye masomo ya kipekee ya mbao iliyofunguliwa njia ya pili, yenye watoto makumi tatu kwa kalasi, muzazi analipa. Wengine hajue. Alisema mama mumoja wa soko alikuja kumuaga, aliona haya: «Mwalimu, haiko juu yako. Lakini mutoto amemaliza mwaka muzima na hajue kuandika jina lake.» Mama yule ameanza kulipa tena, kama mbele ya 2019, na ili apate ile feza mutoto wake mukubwa ameacha masomo ili amusaidie kwenye soko.

Kasichana yetu ako. Kakiti kake kamevunjika muguu mumoja, anaegemeza kwenye ukuta. Anafika saa kumi na mbili na nusu sasa, ili apate benchi.